Tom Mboya: Mwana wa Rusinga aliyehesabu hatua ya mpinzani kabla ya yake

JINA la Thomas Joseph Odhiambo Mboya linapotajwa, wengi hukumbuka mambo mawili: ndege zilizowapeleka vijana wa Kenya kusoma Marekani, na risasi zilizomwangusha jijini Nairobi akiwa na umri wa miaka 38. Lipo jambo la tatu ambalo halizungumziwi sana, nalo ni namna kiongozi huyo alivyokuwa akifikia maamuzi yake.

Mboya hakuwahi kusomea shahada ya kwanza katika chuo kikuu chochote. Hata hivyo, mwanafunzi wa uchumi, biashara au sayansi ya siasa anayesoma leo katika chuo kikuu kinachobeba jina lake mjini Homa Bay, au katika Chuo Kikuu cha Rongo kaunti jirani ya Migori, akikutana na somo liitwalo nadharia ya michezo, atakuta humo maswali ambayo mwana huyo wa Rusinga aliyajibu kwa vitendo tangu miaka ya 1950.

Nadharia hiyo haihusu kandanda wala karata. Huchunguza uamuzi wa mtu ambaye faida au hasara yake inategemea pia uamuzi wa mwenzake. Mchezaji hodari wa bao, au ajua kama Waluo wanavyouita mchezo huo, hatazami mashimo yake peke yake. Kwanza huhesabu mpinzani atajibu vipi, kisha ndipo hunyoosha mkono kuchukua kete.

Wataalamu John von Neumann na Oskar Morgenstern waliiweka nadharia hiyo katika kitabu mwaka 1944. Mwaka 1950 John Nash wa Chuo Kikuu cha Princeton akaonyesha kwamba huwa kuna mahali ambapo hakuna mchezaji anayeweza kujinufaisha kwa kubadili hatua yake peke yake. Naye Thomas Schelling, katika kitabu chake cha mwaka 1960, akaeleza namna vitisho, ahadi na mapatano vinavyofanya kazi baina ya mahasimu wanaohitajiana.

Mwaka huo huo wa 1960, Mboya alikuwa London katika jumba la Lancaster House akifanya mambo hayo hayo, huku hatima ya nchi nzima ikiwa mezani.

MTOTO WA SHAMBA LA MKONGE

Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti, 1930 katika shamba la mkonge la Kilima Mbogo, karibu na Thika. Baba yake, Leonardus Ndiege, alikuwa ametoka kisiwa cha Rusinga kutafuta kazi na hatimaye akawa msimamizi wa vibarua katika shamba hilo la Mzungu. Mama yake aliitwa Marcella.

Ukoo wao ni wa Wasuba, watu ambao kwa mujibu wa masimulizi ya wazee walivuka ziwa kutoka upande wa Uganda na kuenea Rusinga, Mfangano, Gwassi na hata Muhuru, ambayo sasa imo katika kaunti ya Migori. Baada ya kuishi na Waluo kwa vizazi kadhaa, wengi wao wakawa wanazungumza Kijaluo.

Enzi hizo Homa Bay na Migori zote zilihesabiwa kuwa sehemu ya Nyanza Kusini. Wanaume wengi wa huko waliiacha samaki na mtama wao na kwenda kuuza nguvu zao kwenye mashamba ya walowezi, reli, bandari na migodi. Hivyo basi, Mboya alizaliwa ndani ya suala ambalo lingemshughulisha maisha yake yote: mtu mmoja asiye na kitu atapatanaje na mwajiri mwenye kila kitu?

Alianza masomo katika misheni ya Wakatoliki ya Kabaa, Ukambani. Baadaye alipelekwa St Mary's Yala huko Nyanza, na mwaka 1946 akajiunga na Holy Ghost College, Mangu. Kwa kuishi huku na huko alijifunza lugha kadhaa, na hakuwa mgeni miongoni mwa jamii nyingine. Jambo hilo lilikuja kumfaa sana alipotafuta kura Nairobi.

Masomo yake yalikatizwa na ukosefu wa karo. Alikuwa kifungua mimba, na wadogo zake nao walihitaji kusoma. Alijiunga na mafunzo ya ukaguzi wa afya katika chuo cha Jeanes, Kabete, ambako wanafunzi walilipwa posho kidogo. Kwa mara ya kwanza alipaswa kuchagua si lile alilolitaka, bali lile lililowezekana.

MKAGUZI WA AFYA

Mwaka 1951 aliajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi. Huko aligundua kwamba mkaguzi Mwafrika alilipwa sehemu ndogo tu ya mshahara wa mkaguzi Mzungu, ingawa kazi ilikuwa ile ile. Siku moja mwanamke Mzungu aliingia katika maabara alimokuwa akifanya kazi, akamtazama, kisha akauliza iwapo hakukuwa na mtu yeyote. Mboya alikisimulia kisa hicho baadaye katika kitabu chake cha mwaka 1963.

Kijana mwingine huenda angeacha kazi kwa hasira. Mboya alifanya hesabu nyingine. Mfanyakazi mmoja akilalamika hufukuzwa, lakini wote wakilalamika pamoja jiji hulala na taka zake. Alichaguliwa kuongoza chama cha wafanyakazi Waafrika wa baraza hilo, akakigeuza kutoka kundi la kusaidiana hadi kuwa chama kamili cha kutetea haki za wafanyakazi wa serikali za mitaa.

Mnamo Oktoba 20, 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza Hali ya Hatari. Chama cha KAU, ambacho Mboya alikuwa amejiunga nacho, kilipigwa marufuku mwaka 1953. Mwaka uliofuata msako mkubwa uliofanywa Nairobi uliwapeleka maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru kizuizini, wakiwemo viongozi wengi wa wafanyakazi.

Uwanja wa siasa ulikuwa umefungwa, ila mlango mmoja ulibaki wazi. Sheria iliruhusu vyama vya wafanyakazi vilivyosajiliwa. Mboya, ambaye tangu 1953 alikuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama hivyo, lililokuja kuitwa Kenya Federation of Labour, aliupita mlango huo kwa uangalifu mkubwa. Alizungumzia mishahara, nyumba na watu waliohamishwa kwa nguvu, na kwa njia hiyo akaisema siasa ambayo haikuruhusiwa kusemwa.

Aidha, alijenga urafiki na vyama vya wafanyakazi vya Uingereza na Marekani. Kwa hiyo serikali iliyotaka kulivunja shirikisho lake ilijua kwamba kelele zingesikika London na Washington. Nguvu zake hazikuwa Nairobi pekee, na wapinzani wake walilazimika kulitia hilo katika hesabu zao.

MGOMO WA BANDARINI

Mtihani wake mkubwa wa kwanza ulikuja Machi 1955, makuli wa bandari ya Mombasa walipogoma wakidai mishahara bora. Meli zilikaa bila kupakuliwa, na serikali ilikuwa tayari kutumia nguvu.

Mboya alisafiri hadi Mombasa na kuwashawishi wafanyakazi warudi kazini ili mazungumzo yaanze. Ushauri huo ulikuwa na hatari. Makuli wangeweza kumwona msaliti, nao waajiri wangeweza kuchukua kurejea kwao kuwa ni dalili ya unyonge.

Lakini Mboya alikuwa ameona kwamba mgomo una thamani kubwa zaidi ukiwa bado haujaisha nguvu. Mfanyakazi anayegoma hadi akiba yake ikamalizika hana tena cha kumtisha mwajiri. Anayerudi kazini akiwa bado na uwezo wa kutoka tena humfanya mwajiri aketi mezani na kusikiliza. Mazungumzo yalifanyika, suala likafikishwa kwa wasuluhishi, na makuli wakapata nyongeza ya mshahara.

Kuanzia siku hiyo jina lake lilijulikana pwani hadi bara. Alikuwa na umri wa miaka 24.

MWAKA MMOJA OXFORD

Mwishoni mwa 1955 alikwenda Uingereza kwa ufadhili kusoma katika chuo cha Ruskin, Oxford. Chuo hicho kilianzishwa kwa ajili ya watu wazima waliotoka kazini bila kupata nafasi ya masomo ya juu. Alikaa mwaka mmoja akijifunza siasa, uchumi na uhusiano wa wafanyakazi na waajiri.

Hakutoka huko na shahada. Alitoka na desturi ya kusoma kwa kina na kuandika hoja kwa mpangilio. Mwaka 1956 alichapisha kijitabu kuhusu suala la Kenya, ambacho kiliwaeleza Waingereza kwamba Waafrika hawakutaka mgao wa madaraka baina ya makabila na rangi, bali utawala wa walio wengi. Kabla ya kurejea nyumbani alizuru Marekani na kukutana na viongozi wa wafanyakazi ambao wangekuwa wafadhili wake kwa miaka mingi.

WANANE WALIOKATAA UWAZIRI

Machi 1957 Waafrika waliruhusiwa kwa mara ya kwanza kuwachagua wawakilishi wao katika Baraza la Kutunga Sheria. Mboya aliwania kiti cha Nairobi na kumshinda wakili C.M.G. Argwings-Kodhek kwa tofauti ndogo ya kura. Oginga Odinga alitwaa Nyanza ya Kati, naye Lawrence Oguda akachaguliwa kuwakilisha Nyanza Kusini, eneo lililojumuisha Homa Bay na Migori za leo. Wengine walikuwa Ronald Ngala, Daniel arap Moi, Masinde Muliro, Bernard Mate na James Muimi.

Katiba ya wakati huo, iliyobuniwa chini ya Waziri wa Makoloni Oliver Lyttelton, iliwatengea Waafrika nafasi katika serikali. Wanane hao walikataa kuzichukua. Walidai kwanza viti vya Waafrika viongezwe, kwani waliowakilisha mamilioni walikuwa wachache kuliko waliowakilisha maelfu.

Uamuzi huo ulikuwa mgumu kuliko unavyoonekana. Kila mmoja wa wanane angeweza kujinufaisha kwa kukubali uwaziri, mshahara na gari la serikali huku wenzake wakiendelea kugoma. Lakini mmoja tu angekubali, serikali ingepata Mwafrika wa kumwonyesha ulimwengu, na mgomo wa wengine saba ungekosa maana.

Wataalamu wa nadharia ya michezo huliita fumbo la namna hiyo mtanziko wa wafungwa. Wavuvi wa Mbita na Muhuru wanalijua bila kitabu. Kila mvuvi mmoja mmoja hushawishika kutumia nyavu zenye matundu madogo, maana asipovua yeye samaki wachanga watavuliwa na mwingine. Wote wakifanya hivyo, ziwa huwa tupu na wote hupata hasara.

Dawa ya mtanziko huo ni kuhakikisha kwamba anayevunja mapatano atalipa. Wanane hao walifunga umoja wao kwa kuapa hadharani mbele ya wapiga kura, Odinga akiwa mwenyekiti na Mboya katibu. Kila mmoja alikumbuka kilichompata B.A. Ohanga, aliyekubali uwaziri mwaka 1954 na kuangushwa na Odinga katika uchaguzi wa 1957.

Mbinu hiyo ilifaulu. Katiba ya Lyttelton ilishindwa kufanya kazi, na Waziri wa Makoloni aliyefuata, Alan Lennox-Boyd, akalazimika kuja Nairobi kuandaa nyingine. Viti vya Waafrika viliongezwa kutoka 8 hadi 14 mwaka 1958. Waliochaguliwa walipokea viti hivyo lakini wakaendelea kukataa uwaziri, wakihesabu kwamba kilichopatikana kwa kukataa mara moja kingeweza kupatikana tena.

Umoja huo ulikuwa na upande wake mkali. Waafrika wengine walipojitokeza kuwania viti maalumu vilivyobuniwa na katiba mpya, Mboya na wenzake waliwashutumu hadharani kuwa wasaliti. Walishtakiwa kwa sababu ya maneno hayo na kutozwa faini. Waliolengwa walikuwa raia wenye haki ya kuchagua njia nyingine, na si wote waliostahili jina walilopewa.

NDEGE ZA KWENDA MAREKANI

Desemba 1958 Mboya, akiwa na miaka 28, aliongoza kama mwenyekiti mkutano wa watu wa Afrika yote uliofanyika Accra, Ghana. Aliporudi alikuwa kiongozi anayejulikana duniani, na aliutumia umaarufu huo kutatua tatizo ambalo wengi hawakuliona kuwa la siasa.

Uhuru ulikuwa unakaribia, ilhali Waafrika wenye shahada walikuwa wachache mno. Taifa lisilo na wahandisi, wachumi na walimu wake lingelazimika kuwaachia wageni meza zote za maamuzi. Serikali ya kikoloni ilipendelea wanafunzi wachache waliochaguliwa kwa mchujo mkali wapitie Makerere au Uingereza.

Mwaka 1959 Mboya alizunguka Marekani akihutubia vyuoni na kuomba nafasi za masomo. Mchezaji wa besiboli Jackie Robinson, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier walisaidia kuomba michango. Septemba mwaka huo ndege ya kwanza iliondoka Nairobi na wanafunzi 81.

Mwaka 1960 serikali ya Marekani ilisita kulipia safari ya pili. Mboya alimwendea Seneta John F. Kennedy, aliyekuwa akiwania urais, na taasisi ya familia ya seneta huyo ikatoa ahadi ya dola 100,000. Mboya alijua kwamba kila upande wa uchaguzi wa Marekani ulihitaji kura za Wamarekani weusi, na kwamba mmoja ukitoa mkono, mwingine haungependa kuachwa nyuma. Miongoni mwa walionufaika na safari za 1960 alikuwa Wangari Maathai, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004.

Kijana mwingine aliyekwenda Marekani wakati huo alikuwa Barack Obama, mzaliwa wa Kanyadhiang karibu na Kendu Bay, Homa Bay. Ingawa hakusafiri katika ndege ile ya kwanza, alifahamiana na Mboya na kusaidiwa katika masomo yake. Alipata shahada ya uchumi katika Chuo Kikuu cha Hawaii mwaka 1962, kisha akaendelea Harvard. Mwanawe alikuja kuwa rais wa 44 wa Marekani.

LANCASTER HOUSE

Januari 1960 wajumbe wa Kenya walikutana London chini ya Waziri wa Makoloni Iain Macleod. Ngala aliongoza ujumbe wa Waafrika, Mboya akawa katibu wake. Mshauri wao wa sheria alikuwa Mmarekani Thurgood Marshall, aliyekuja baadaye kuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya nchi yake.

Kabla hata mkutano haujaanza, ujumbe huo uligoma kuingia ukumbini kwa kuwa Mbiyu Koinange, ambaye serikali ilimhusisha na Mau Mau, alikataliwa kuwa mshauri. Siku kadhaa zilipita. Mwishowe suluhisho likapatikana: Koinange angeingia katika jumba hilo, lakini si katika chumba cha mkutano.

Wengine waliona huo ni ubishi wa bure. Lakini mzozo huo mdogo uliwaonyesha Waingereza kwamba Waafrika wangeweza kuondoka wote kwa pamoja, na kwamba hawakuwa na haraka kuliko wenyeji wao. Aliyekuja kupatana akiogopa kurudi mikono mitupu hana silaha.

Mwisho wa mkutano Waafrika hawakupata yote waliyodai. Walipata viti 33 vya kugombewa na wote kati ya viti 53 vya kuchaguliwa, jambo lililowahakikishia wingi bungeni. Walowezi waliokuwa wakidhani Kenya itabaki nchi yao waliondoka London wakijua kwamba enzi yao imekwisha. Mboya alikubali kisichotosha kwa kuwa kilifungua njia ya kinachotosha.

Mwaka huo alichaguliwa katibu mkuu wa chama kipya cha KANU. Katika uchaguzi wa Februari 1961 chama hicho kilipata viti 19 dhidi ya 11 vya KADU, lakini kikakataa kuunda serikali hadi Jomo Kenyatta aachiliwe. Mboya alikuwa akishukiwa na baadhi ya watu kwamba angependa kutawala bila Kenyatta. Kwa kujifunga hadharani na msimamo huo, aliiondoa nafasi ya kushawishiwa na gavana, na pia akawanyamazisha waliomshuku.

KADU ilikubali kuingia serikalini, na KANU ikakaa nje. Kenyatta aliachiliwa Agosti 1961, na baada ya hapo hakuna aliyeweza kuzungumzia uhuru bila yeye.

KUTOKA UGOMVI HADI KANUNI

Mwaka 1962 Mboya alikuwa Waziri wa Leba katika serikali ya muungano. Migomo ilikuwa imezagaa, na yeye aliyeifahamu kuliko mtu yeyote sasa alikaa upande wa pili wa meza. Mwezi Oktoba serikali, waajiri na wafanyakazi walitia saini mkataba wa uhusiano kazini. Wafanyakazi waliahidi kutogoma kabla ya njia za mazungumzo kumalizika, nao waajiri wakaahidi kuvitambua vyama vyao.

Mantiki yake ilikuwa rahisi. Watu wanaokutana mara moja hudanganyana, lakini wanaojua watakutana tena kesho na mwaka ujao hupata faida kwa kutunza ahadi. Wapo waliolalamika kwamba mkataba huo uliwafunga mikono wafanyakazi kuliko mabwana zao, na lawama hiyo haikukosa msingi. Hata hivyo msingi wa uhusiano kazini nchini Kenya uliwekwa hapo.

Mwaka huo huo alimwoa Pamela Odede, aliyekuwa miongoni mwa waliosomea Marekani na binti wa Walter Odede, kiongozi wa KAU aliyewahi kuwekwa kizuizini.

Baada ya uhuru wa Desemba 12, 1963, Mboya aliongoza Wizara ya Sheria na Masuala ya Katiba. Wabunge wa KADU walishawishiwa kuhamia KANU mmoja baada ya mwingine. Kila aliyehama alipunguza faida ya kubaki kwa wale waliosalia, hadi Novemba 1964 chama hicho kikajivunja chenyewe. Upinzani uliondoka bila risasi kufyatuliwa, lakini nchi nayo ikabaki bila wa kuikosoa serikali bungeni.

Akiwa Waziri wa Mipango ya Uchumi, mwaka 1965 aliwasilisha waraka nambari 10 kuhusu ujamaa wa Kiafrika. Waraka huo ulishauri fedha za maendeleo zipelekwe kwanza mahali ambapo zingezaa mapato mengi na ya haraka. Obama, kijana wa Kanyadhiang, aliukosoa katika makala mwaka huo huo, akihoji nani hasa angefaidi.

Kwa maeneo kama Nyanza Kusini, yaliyokuwa na barabara chache na mtaji mdogo, hoja hiyo ilikuwa nzito. Mahesabu yaliyokuwa sahihi kwa taifa zima yangeweza kumwacha nyuma mtu wa Rusinga au Nyatike.

WATATU WALIPOBAKI WAWILI

Uhasama kati ya Mboya na Odinga ulikuwa wa siku nyingi. Odinga alimwona kama wakala wa Wamarekani, naye Mboya akamwona mwenzake kama mtu aliyekaribiana mno na nchi za Kikomunisti. Machi 1966, katika mkutano wa KANU huko Limuru, Mboya alipanga mabadiliko yaliyofuta cheo cha makamu mmoja wa rais wa chama na kuweka makamu wanane wa mikoa. Odinga alijiondoa na kuunda KPU.

Ulikuwa ushindi wake mkubwa kabisa wa mbinu, na huenda ndio uliomgharimu zaidi. Palipokuwa na pande tatu, kundi lililomzunguka Kenyatta lilimhitaji Mboya ili kumzuia Odinga. Odinga alipotoka, hitaji hilo lilikwisha, na Mboya akabaki yeye mwenyewe kuwa mtu wa kuzuiwa. Wakati huo huo Waluo wengi hawakumsamehe kwa kumsukuma nje mzee wao.

Mwaka 1968 marekebisho ya katiba kuhusu urithi wa urais yalikuja na jaribio la kuweka umri wa chini wa rais kuwa miaka 40, naye alikuwa na 37. Umri uliopitishwa ukawa 35. Mei 1969 KANU, chini ya ukatibu wake, ilishindwa na KPU katika uchaguzi mdogo wa Gem. Nyumbani Nyanza alikuwa na wafuasi wachache kuliko alivyostahili, na Nairobi maadui walikuwa wakiongezeka.

Jumamosi, Julai 5, 1969, saa saba mchana hivi, alitoka katika duka la dawa kwenye barabara iliyoitwa wakati huo Government Road, sasa Moi Avenue. Alipigwa risasi na kufariki muda mfupi baadaye. Obama alikuwa mmoja wa waliomwona dakika chache kabla ya shambulio hilo, na akatoa ushahidi mahakamani. Nahashon Isaac Njenga Njoroge alipatikana na hatia na kunyongwa mwaka huo huo. Swali la nani aliyemtuma halikupata jibu mahakamani.

Ghasia zilizuka Nairobi wakati wa misa ya wafu. Umati ulijipanga njiani kulilaki jeneza likipelekwa Nyanza, hadi alipozikwa Kamasengre, kisiwani Rusinga. Wengi waliomlilia walikuwa wale wale waliomnung'unikia miaka mitatu kabla yake. Kabla ya mwaka kwisha KPU ilipigwa marufuku na viongozi wake wakawekwa kizuizini, na mgawanyiko uliozaliwa mwaka huo umeathiri siasa za Kenya kwa vizazi.

ALICHOKIACHA

Sanamu yake ilizinduliwa Moi Avenue mwaka 2011, hatua chache kutoka mahali alipouawa. Kaburi lake huko Kamasengre limejengewa jumba lenye umbo la risasi. Chuo kikuu chenye jina lake kimesimama Homa Bay, nacho cha Rongo kilipata hati yake mwaka 2016. Kijana wa Mbita au Nyatike sasa anaweza kusomea shahada ya uchumi bila kuvuka bahari, jambo ambalo mwaka 1959 lilihitaji ndege na michango ya watu mashuhuri.

Nadharia ya michezo humfundisha mwanafunzi kudhani kwamba kila mchezaji atafuata kanuni zilizopo na kutafuta faida yake ndani yake. Mboya aliwashinda wakoloni na wapinzani wengi kwa kuzielewa kanuni hizo kuliko wao, na mara nyingine kwa kuzitunga yeye mwenyewe. Alikosa kinga dhidi ya mtu aliyeamua kuupindua ubao.

Kwa hiyo maisha yake yana masomo mawili kwa wale wanaojifunza kufanya maamuzi. La kwanza ni kwamba mnyonge mwenye subira, umoja na hesabu nzuri anaweza kumlazimisha mwenye nguvu kuketi mezani. La pili ni kwamba akili ya mtu mmoja haitoshi pale ambapo taasisi hazina nguvu ya kumlinda anayeshinda kwa haki, wala anayeshindwa.